Shingo ya tawi, au kwa nini mwembe wenye pango bado unazaa

Pale tawi linapochomoza kwenye shina pana uvimbe mdogo, mnene zaidi upande wa chini. Huo ndio shingo ya tawi. Upande wa juu, penye pembe, gome limesukumwa likawa mstari mweusi wenye makunyanzi. Kwenye mwembe wa parseli (kiwanja cha nyumba) yoyote ya Lubumbashi utauona bila shida. Kwenye jakaranda za barabarani inabidi utazame vizuri zaidi.

Uvimbe huo ni mali ya shina, ingawa wengi huudhania sehemu ya tawi. Ndiyo maana ukiukata umejeruhi shina lenyewe.

Na jeraha la mti halifanyi kama la ngozi ya mtu. Mbao iliyooza haizaliwi upya. Mti huizungushia kuta na kuendelea kukua nje yake. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua miti kwa urefu kwa msumeno wa mashine, na mwaka 1977 akaeleza kuta nne. Ya kwanza, inayoziba mishipa juu na chini ya jeraha, ni dhaifu kuliko zote, kwa hiyo uozo hupanda na kushuka kwa urahisi. Ya pili huzuia kuingia ndani, ya tatu kusambaa pembeni. Ya nne ndiyo imara: hujengwa baada ya jeraha, kati ya mbao ya zamani na ile mpya. Mwembe wenye pango unaoweza kuficha mtoto bado una majani na maembe kwa sababu mbao yake hai iko nje ya ukuta huo.

Shingo ina kinga yake ya ndani, tayari kulifungia tawi likifa. Anayekata bapa, sambamba na shina, ili paonekane safi, anaiondoa kinga hiyo. Anayeacha kijiti kirefu naye anaweka mbao mfu ambayo mti hauwezi kuifunika, na mchwa wa huku, ambao udongo wa vichuguu vyao tunafyatulia matofali, hawahitaji kualikwa mara mbili.

Tawi zito likatwe mara tatu. Anza chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, theluthi moja ya unene. Kisha kata juu, mbele kidogo, mbali zaidi na shina, lianguke bila kuchuna gome. Kijiti kilichobaki ndicho cha kukata nje tu ya shingo. Rangi, lami au oili chakavu juu ya kidonda hazizuii uozo. Okoa pesa yako.

Kukata kichwa cha mti ili usiguse nyaya za umeme ni habari mbaya zaidi. Hapo katikati ya tawi hakuna shingo. Machipukizi yanayofuata hushikwa na tabaka za nje tu, yanarefuka haraka, na upepo wa mvua za Novemba unayang'oa juu ya mabati.

Kuna pia matawi yasiyo na shingo tangu mwanzo: mawili yaliyolingana unene, yamebanana kwa pembe nyembamba, gome limenaswa katikati. Moja lipunguzwe lingali na unene wa kidole gumba. Likishakuwa nene kama paja, muite fundi anayepanda miti kwa kamba.