Ritifaa ya ng'ombe, wino mweusi na maradhi mengine ya kurasa

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu hapa Dar es Salaam, na simu ninazopigiwa na wapangaji wenzangu karibu zote huanza kwa maneno yaleyale: "Kaka, programu imeharibika." Nikilifungua faili lenyewe, mara nyingi naikuta programu nzima kabisa, tena inatekeleza kwa uaminifu kila ilichoagizwa. Ubovu uliingia mapema zaidi, siku mswada ulipotolewa kwenye Word na kumiminwa kwenye kurasa, ukaja na mizigo ambayo hakuna aliyeikagua. Ndiyo maana mimi huanza na andiko, nikafuatia na picha na fonti, na programu yenyewe huitazama mwisho. Mifano yangu ni ya InDesign, programu ya Adobe ya kupangia kurasa, kwa kuwa ndiyo ninayoshinda nayo kutwa, lakini mengi ya haya utayakuta pia kwenye Scribus na Affinity Publisher.

Tatizo linalotuhusu sisi kuliko wapangaji wa lugha nyingine ni ng', yaani ile alama ndogo ya ritifaa inayofuata n na g. Mwandishi mmoja wa kitabu cha ufugaji alinilalamikia kwamba ametafuta neno "ng'ombe" katika faili akaletewa sehemu nane tu, ilhali ng'ombe wamejaa kila ukurasa. Mswada wake ulikuwa umepigwa chapa na watu watatu. Wa kwanza alitumia kitufe kilicho jirani na Enter, ambacho ndicho sahihi. Wa pili alitumia kile kilicho chini ya Esc, kinachotoa alama ya ` iliyolala upande usio wake. Wa tatu aliandika sura zake kwenye simu, nayo simu ikamwekea alama ya kufungua nukuu. Kwenye skrini jicho haliwezi kuzitofautisha kwa urahisi, lakini kwa kompyuta hizo ni herufi tatu zisizo na udugu, hivyo anayetafuta moja haletewi nyingine, na faharasa inayotengenezwa kwa kutafuta maneno inatoka na mapengo. Kitabu kikishachapwa ndipo tofauti inapoonekana: ng'ombe mmoja ritifaa yake imesimama wima, mwingine imeinamia nyuma.

Dawa yake ni ya dakika moja. Fungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, ingia upande wa GREP, unaotafuta kwa kufuata ruwaza ya herufi badala ya neno moja, kisha katika nafasi ya kutafuta andika (?<=[Nn][Gg])(`|´|‘|~') na katika nafasi ya kubadilisha andika ~] peke yake. Maana yake ni kwamba alama yoyote kati ya hizo ikifuata moja kwa moja baada ya n na g, herufi kubwa au ndogo, igeuzwe kuwa ritifaa ya kweli iliyojikunja kuelekea kushoto. Naifanya kazi hii kabla ya kupanga ukurasa hata mmoja, kwa sababu upana wa alama ukibadilika mistari nayo huhama.

Ndugu wa tatizo hilo ni ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Katika matoleo ninayotumia Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha, kwa hiyo andiko linapoingia hupewa Kiingereza, na programu hukata maneno yetu kwa kanuni za Waingereza. Nimeshaona "mwan-amke" na "kin-g'ora" vikifika hadi kwenye karatasi za kusahihishia, na msahihishaji akamlaumu mwandishi. Silabi zetu, ukiacha m au n inayosimama peke yake kama silabi (m-tu, n-chi) na maneno machache ya mkopo, huishia na irabu, nasi hatutenganishi nz, mb wala nd. Mpangaji mmoja alinishauri nitumie kanuni za Kiitaliano kwa kuwa nacho hupenda irabu. Nilijaribu, na ni kweli hukaribia, lakini hukata "nyum-ba" na "mwanafun-zi" pale ambapo sisi tungekata "nyu-mba" na "mwanafu-nzi". Kwa maoni yangu kosa linalofanana na usahihi ni baya zaidi, kwa sababu msahihishaji hulipita.

Ninachofanya ni kuzima ukataji katika mtindo mkuu wa aya, kisha nikakata kwa mkono pale tu panapolazimu, kwa kuweka kistari cha hiari kwa vitufe vya Ctrl, Shift na kistari. Kistari cha hiari hutoweka chenyewe neno likihamia katikati ya mstari. Kile cha kawaida hubaki, na ndicho chanzo cha yale maneno yenye kistari kisicho na sababu ambayo kila msomaji wa magazeti anayafahamu. Ukizima ukataji utalipa gharama yake, maana maneno yetu ni marefu kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba sentensi nzima, na katika safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili utaona mapengo meupe yanateremka kama vijito. Katika kitabu cha A5 chenye safu moja, viwango vya nafasi kati ya maneno ambavyo InDesign huja navyo, yaani asilimia 80 kwa uchache, 100 kwa kawaida na 133 kwa wingi, hutosha. Katika jarida la safu tatu usishindane na lugha: nyoosha kushoto peke yake.

Sasa nije kwenye wino, ambako makosa hugharimu fedha. Maandishi yakitoka Word huweza kuja na rangi yao wenyewe, nawe utaikuta kwenye paneli ya rangi ikiwa na jina kama Word_R0_G0_B0. Kwa macho ni nyeusi. Ila ni nyeusi ya skrini, iliyotengenezwa kwa nyekundu, kijani na buluu kuwa sifuri, na faili likigeuzwa kwa ajili ya mashine ya ofseti hugawanywa katika wino zote nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Kila herufi ndogo ya aya hupigwa mara nne, na pleti, yaani mabamba ya kuchapia, moja kwa kila wino, zikipishana hata kwa sehemu ndogo ya milimita herufi huota kivuli cha rangi. Niliwahi kuletewa karatasi za jaribio ambazo nukta za herufi i zilikuwa na ukingo wa waridi. Mpangaji alikuwa ameshamaliza siku mbili akibadilisha fonti.

Jinsi ya kulitambua hilo ni kubonyeza Shift na F6, kuwasha uoneshaji wa pleti, kisha kuizima pleti nyeusi peke yake. Maandishi yote ya kawaida lazima yatoweke na ukurasa ubaki mtupu. Yakibaki, hata kwa kijivu hafifu, basi yamebebwa na wino nyingine. Ifute ile rangi iliyotoka Word, na programu ikikuuliza ichukuliwe na ipi, chagua nyeusi ya InDesign yenyewe.

Kuhusu picha sitakawia. InDesign haiibebi picha unayoiweka. Huonesha taswira yake nyepesi na kukumbuka njia ya kuifikia. Ukifanyia kazi picha zilizo kwenye flashi, kesho kompyuta ikaipa flashi ileile herufi nyingine, tuseme F: badala ya E:, viungo vyote hukatika. Nakili kwanza kwenye folda ya kazi. Na picha zilizopitia WhatsApp zipige hesabu kabla ya kuzikubali: jalada la A5 lina upana wa milimita 148, ukiongeza 3 za kukatwa kila upande unapata 154, ambazo ni kama inchi 6, na picha yenye pikseli 1,200 kwa upana itakupa pikseli 198 tu kwa inchi pale unapohitaji 300. Mwambie mteja akutumie ile halisi, kama waraka.

Fonti zilizokosekana huonekana kwa waridi, na hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba tangu Januari 2023 Adobe iliacha kuzikubali fonti za aina ya zamani ya Type 1, hivyo kitabu cha zamani kinachochapwa upya kinaweza kudai fonti ambayo unaiona kabisa kwenye kompyuta yako. Tafuta toleo lake la OpenType, halafu kagua mistari yote upya.

Vitabu vya dini vya huku pwani vina jambo lao. Aya ya Kiarabu ikiingia huku herufi zimeachana na mstari unaanzia kushoto, fonti haina kosa. Aya hiyo inatakiwa ipewe mpangilio uitwao World-Ready na mwelekeo wa kutoka kulia. Aya za Qur'ani usizinakili kutoka PDF hata ukiwa na haraka, na baada ya kuzipanga zirudishe kwa mjuzi azisome tena.

Baada ya yote hayo, ikiwa faili bado linagoma kufunguka sawasawa au linaanguka kila ukifika ukurasa uleule, hasa baada ya umeme kukatika, hapo nakubali kwamba tatizo ni la programu au faili lenyewe. Anzisha InDesign huku umeshikilia Ctrl, Alt na Shift ili mapendeleo yafutwe. Isiposaidia, hifadhi nakala kwa muundo wa IDML, ule wa kubadilishana faili kati ya matoleo ya InDesign, uifungue na uihifadhi upya. Faili hujengwa tena kutoka mwanzo na takataka nyingi hubaki nyuma. Halafu nenda kwenye ukurasa wa mwisho na uangalie pembe ya chini ya fremu. Ukiona alama nyekundu ya kujumlisha, kuna mistari iliyosukumwa nje wakati wa kujengwa upya, na PDF itatoka bila mistari hiyo.