Eksirei ya jino si kipimo cha mifupa yote

Jamani ile meseji inayozunguka kwenye magrupu, eti ukipigwa eksirei ya jino likaonekana zima basi mifupa yako yote imara, si kweli, naomba tusiifowadi tena. Kinachochanganya nakielewa, maana kwenye picha pana ya taya zote ule ukingo wa chini ya taya ukiwa mwembamba daktari wa meno anaweza kushuku mifupa imepungua nguvu. Lakini hapo ni kushuku tu. Kipimo chenyewe ni DEXA, yaani eksirei maalum ya kupima uimara wa mifupa, unalala wanapima nyonga na uti wa mgongo. Mama zetu waliokoma hedhi, hata kama wanatafuna kashata mpaka leo, wamuulize daktari, na watizame karatasi ya majibu: kama haina T-skoa, yaani ile namba inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya, hapo mifupa haijapimwa.