Vashen kontrol ni nini, na noti zako zinaihitaji kwa nini

Watu wengi wakisikia vashen kontrol wanajua ni mambo ya maprograma tu, wale wanaoandika kodi za programu usiku kucha, lakini maana yenyewe ni rahisi na inamgusa yeyote mwenye noti kwenye kompyuta zaidi ya moja. Ni programu inayotunza folda yako pamoja na historia yake yote, yaani nini kimebadilika, lini, nani kabadilisha na kabla ya hapo paliandikwa nini. Ya leo haiifuti ya jana. Inayotumika sana inaitwa Git, aliianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, na ni ya bure.

Mi nina kompyuta ya mezani nyumbani Uyole, hapa Mbeya, nyingine ofisini Mwanjelwa, na laptopu naenda nayo Tukuyu kwa wakulima wa viazi. Zamani noti nilikuwa nabeba kwenye flashi. Siku moja nimerudi nimechoka na baridi ile ya mwezi wa saba, nikapesti folda ya laptopu juu ya ile ya nyumbani, ikauliza nireplesi nikabonyeza ndiyo, kumbe ile ya nyumbani nilikuwa nimeiandikia wiki nzima habari za mbegu na dawa za ukungu. Zote zikaenda, na mpaka leo kuna mambo ya wazee wa kule sijayapata tena.

Sasa hapo ndipo penye tofauti kubwa. Kukopi hakujui kitu, faili moja linalikalia lingine basi. Git yenyewe inaangalia vitu vitatu: faili la huku, faili la kule, na lile lilivyokuwa kabla hayajaachana. Chukulia pale Uyole, barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya Iringa, ukishajua njia panda iko wapi unajua kila gari limetembea wapi tangu hapo. Ndivyo inavyofanya: huku juu ya faili umeongeza aina za mbegu, kule chini umebadilisha bei ya gunia, inaona kila upande umegusa mistari yake, inayachukua yote mawili. Hiyo ndio kumeji. Ila kama pande zote mbili mmegusa mstari uleule, huku umeandika bei hii na kule ile, haikuamulii. Inasimama, inaweka zote mbili ndani ya faili kwa alama zinazoonekana, wewe mwenyewe unachagua iliyo sahihi ndio unaendelea. Mwanzoni watu wanaogopa wakiona zile alama wanadhani faili limeharibika, lakini kiukweli huo ndio usalama wenyewe, maana ukikopi kwa mkono ungepoteza moja na usingejua.

Maneno ya kazi ni matatu tu. Kukomiti ni kuweka hatua kwenye historia na kamaneno kafupi ka ulichofanya, kupushi ni kupeleka hatua zako mahali pa kukutania, kupuli ni kuchukua za huko. Mahali pa kukutania panaweza kuwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia folda za Git mtandaoni, ila uweke ripo (yaani folda yako na historia yake) iwe ya siri, au hata flashi ileile ya zamani, inakubali kabisa. Ukikaa kwenye mashine puli kwanza, ukiondoka komiti na upushi. Na kwa sisi tunaoingia vijijini ambako mtandao unakuja na kuondoka, kizuri ni kwamba kila kompyuta ina historia nzima, unakomiti bila bando wala nini, ukifika mjini ndio unapushi.

Noti ziandike kwenye faili la maandishi matupu, txt au md. La Word Git italitunza na matoleo yake ya zamani utayapata, ila haiwezi kukumejia yaliyomo ndani, italichukulia faili zima kama kitu kimoja uchague la huku au la kule. Picha hivohivo.

Halafu paswedi, paswedi usiweke kabisa humo, wala namba za watu. Ile historia inayokuokoa ndiyo hiyohiyo haisahau, ukishakomiti na kupushi hata ukifuta kesho ile hatua ya jana bado ipo, na ipo kwenye kila kompyuta iliyopuli. Ndio maana nikiwa na haraka nikaingia stationery kuprinti, napeleka faili moja tu la kuprinti, ripo yangu siiweki kwenye mashine ya watu.