DNS haimjui aliyekupigia simu

"Fundi, si intaneti inazijua namba zote? Unganisha mtambo na DNS, majina ya wanaopiga yatokee." Mameneja wa SACCO, hoteli na shule hapa Kampala wananiimbia wimbo huo kila ninapowafungia mtambo wa simu za ofisi. DNS ni mfumo wa intaneti unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za kompyuta. Najua wimbo ulikotoka: mtu alisoma habari za ENUM, akaishia katikati.

ENUM, iliyoelezwa katika waraka wa kiufundi RFC 6116 wa 2011, huigeuza namba ya simu kuwa jina la kikoa (domain), kama lile la tovuti. Chukua namba ya Uingereza +44 20 7946 0123, iliyotengwa kwa matumizi ya filamu na tamthilia. Ondoa alama ya kujumlisha, pindua tarakimu, tia nukta kati yake, malizia na e164.arpa: 3.2.1.0.6.4.9.7.0.2.4.4.e164.arpa. Uliza DNS rekodi ya NAPTR ya kikoa hicho, ile inayosema namba inafikiwa kwa njia gani. Ikiwepo, kwa kawaida unapewa anwani ya SIP (utaratibu wa kupiga simu kupitia intaneti), yaani njia ya kumfikia mwenye namba. Jina lake hukuuliza, wala hupewi.

Tena nimesema ikiwepo. Rekodi haijiandiki laini inapouzwa dukani. Nchi inatakiwa kwanza ikabidhiwe tawi lake chini ya e164.arpa, kikoa kinachoendeshwa na RIPE NCC, shirika linalogawa anwani za intaneti Ulaya, kisha mwenye namba aridhie kuingizwa. Austria ilianza kuitoa huduma hiyo kibiashara Desemba 2004. Nchi nyingi hazikujishughulisha. Tawi la Uganda ni 6.5.2.e164.arpa. Kabla ya kubishana nami, fungua kompyuta, andika dig, amri ya kuiuliza DNS, utafute namba yako mwenyewe.

"Mbona Marekani kuna wanaouza majina kwa DNS?" Wapo. Lakini DNS inabeba jibu tu. Jina lenyewe, lisilozidi herufi 15, linatoka kwenye hifadhidata zinazojazwa na kampuni za simu za huko. Kwetu laini zilianza kusajiliwa 2012, orodha iko kwa kampuni za simu, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Hakuna atakayeimwaga hadharani kwa sababu hoteli yako inataka kumsalimia mgeni kwa jina.

WHOIS nayo, ile huduma ya kuuliza nani kasajili nini kwenye intaneti? Hiyo ni ya vikoa na anwani za IP, si namba za simu. Tuendelee.

Namba iliyotokea kwenye kioo si ushahidi. Katika SIP mpigaji anaweza kujaza atakacho sehemu ya From, inayotaja simu inatoka kwa nani, na kampuni inayompitisha isipokagua, kinakufikia hivyo hivyo. Jina la mobile money ni la aliyesajili laini. Simu huenda anayo mpwa wake. Na majina ya Truecaller, ile programu ya simu, kwa sehemu kubwa yametoka kwa watumiaji wenzako, ndiyo maana mtu mzima anaitwa "Fundi Maji Ntinda".

Mimi nakwambia tengeneza daftari lako la wateja ndani ya mtambo. Linafanya kazi hata intaneti ikikatika. Ila namba ziandikwe kwa mtindo mmoja: nakuta mteja yule yule ameingizwa kwa 0772, kwa 256772 na kwa +256772, halafu nalalamikiwa kwamba mtambo haumtambui. Toa sifuri ya mwanzo, weka +256 kwa wote, na karani wa mapokezi aandike jina jipya simu ikiwa bado sikioni.