"Mchape tu kocha, nimekuruhusu"

Wiki chache zilizopita mama mmoja kaniletea mwanawe bwawani, kamshika mkono, kaniambia mbele ya watoto wote, kocha huyu kichwa ngumu, akikuzingua mchape tu nimekuruhusu. Nikacheka nikamwambia mama hapa hatuchapi. Akaniangalia kama vile nimemwambia hapa hatuogelei.

Sio mara ya kwanza, kila likizo lazima nimpate mzazi wa hivyo, na wengine nikikataa fimbo wananipa ushauri wa pili, basi kocha mkimbize kwenye maji, mpe bataflai (ile staili ya kurusha mikono yote miwili kwa pamoja, inachosha sana) mita 200 akome. Hilo nalo sifanyi. Zamani nilifanya, sitaki kudanganya. Nikiwa kocha mpya kuna dogo alikuwa anawamwagia wenzie maji wakati naelezea seti ya mazoezi, nikamwambia haya bataflai mpaka niseme basi. Baada ya mita 75 hivi mikono haitoki tena majini, anameza maji, nikamtoa katapika pale pembeni. Wiki iliyofuata hakuja, na wala sikumuona tena. Nikabaki najiuliza nilimfundisha nini hasa, maana tabia hakubadilisha na bataflai naamini anaichukia mpaka leo. Mtoto akichoka staili inaharibika, bega linavutika vibaya, na mtoto aliyechoka kupita kiasi kwenye maji marefu ni hatari, kwa hiyo unamuadhibu kwa kile kile unachotaka akipende halafu unamweka kwenye hatari juu yake. Hesabu haikubali.

Mzazi anayekaa juu kwenye viti haoni kitu kimoja. Leni moja, yaani njia moja ya kuogelea, ya mita 25 naweka watoto sita, siku nyingine wanane, na wanaogelea kwa kuzunguka, unaenda upande mmoja unarudi upande wa pili, kila mtu anaondoka sekunde 5 au 10 baada ya mwenzie, yaani ni barabara kabisa. Sasa mtoto akiamua kusimama katikati ya leni arekebishe miwani, wa nyuma yake anamgonga, wa tatu anamgonga wa pili, na kama ni bekstroku, yaani kuogelea chali, huko nyuma hawaoni kitu. Akivuta mguu wa mwenzie kwa utani, mwenzie anakata pumzi vibaya anavuta maji. Akisimama katikati ya ukuta badala ya kona, anayekuja hana pa kugeukia. Ndio maana nikisema adabu bwawani simaanishi shikamoo kocha na kukaa kimya kama wako msikitini, mi kelele zao wala hazinisumbui, naongelea sheria za barabarani.

Kinachonikera zaidi ni ukuta. Mtoto anaambiwa ogelea 50 mara nane, anafika mita moja kabla ya ukuta anasimama, anageuka anasukuma chini kwa miguu, anajiona mjanja. Au brestistroku, ile staili ya chura, anagusa kwa mkono mmoja kwa sababu nimegeuka kuongea na leni ya pili. Mazoezini hakuna refa, sawa, ila siku ya gala mkono unafanya ulichozoea, hauulizi leo ni mazoezi au mashindano. Brestistroku na bataflai lazima uguse kwa mikono miwili kwa pamoja, ukigusa mmoja umetolewa, na kama ni relei ya staili nne, yaani wanne wanapokezana kila mmoja na staili yake, wametolewa wote wanne, hata yule wa bekstroku aliyefungua vizuri. Nimeshashuhudia wanne wanalia kwa mkono mmoja.

Huwa nawasimulia fainali ya mita 100 bataflai, Olimpiki ya Beijing 2008. Čavić wa Serbia alikuwa mbele mpaka mwisho mwisho, akajinyoosha kuteleza kwenda ukutani, Phelps wa Marekani akapiga mikono mara moja zaidi akaugusa kwanza, sekunde 50.58 kwa 50.59. Na kwenye fainali hiyo hiyo alikuwepo jirani yetu Jason Dunford wa Kenya, alimaliza wa tano duniani. Watoto wakisikia kuna Mkenya pale wanaanza kusikiliza, Phelps kwao ni babu tu.

Sasa nafanyaje. Kosa la kwanza namuita jina, namwambia kwa ufupi, naendelea. La pili anatoka kwenye maji, anakaa pembeni na taulo dakika kumi anawaangalia wenzie. Sio kupiga magoti wala kunyoosha mikono, na simchambi mbele za watu. Kisha namfuata namuuliza umefanya nini, na ukirudi utafanya nini, akijibu anaingia. Usidharau dakika kumi za kukaa pakavu jua la Dar linakuchoma huku wenzio wanafanya relei.

Ila kuna kosa moja halina mara ya kwanza. Mashindano ya kubana pumzi chini ya maji. Hapo unatoka siku hiyo hiyo na mzazi napiga simu. Wanahema haraka haraka kabla ya kuzama wakidhani wanajaza oksijeni, kumbe oksijeni haiongezeki ya maana, wanachofanya ni kupunguza kaboni dayoksaidi, na hiyo ndio inayoukumbusha ubongo kwamba vuta hewa. Kwa hiyo mtoto yuko chini anajisikia freshi kabisa, oksijeni inaisha kabla hajasikia haja ya kuhema, anazimia bila kurusha mkono wala kupiga kelele. Wenzie juu wanahesabu, hamsini na moja, hamsini na mbili.

Madogo madogo mengine nayapitia tu, kuoga kabla ya kuingia (ile harufu kali inayowasha macho mnayosema klorini imezidi, mara nyingi ni klorini iliyokutana na jasho na mikojo, mnaelewa), simu haziingii chumba cha kubadilishia nguo, na mimi mwenyewe siingii humo nikiwa peke yangu na mtoto, hata akisahau kofia.

Na wazazi jamani. Unamleta dakika ishirini baada ya wenzie kupasha, halafu unasimama na stopuwochi unapiga kelele piga miguu piga miguu, mtoto anatoa kichwa akusikilize wewe, anamgonga wa mbele, kisha anaambiwa hana nidhamu.

Yule wa kichwa ngumu wiki ya kwanza alikaa pembeni mara tatu. Ya pili mara moja. Mama yake bado hajaniamini, na jana kamvuta tena mwenzie mguu. Kakaa dakika zake kumi, na safari hii taulo alijiletea mwenyewe kabla sijamwambia.