Kupakia pachi kwenye sinthi ya FM maana yake nini hasa

Ukishika sinthi ndogo ya FM (sinthi ni ala inayotengeneza sauti kwa umeme) kama volca fm ya Korg, haupiti muda utasikia watu wanaongelea kupakia pachi mpya, yaani sauti mpya ya kupigia, na wengi wanachukulia kwamba kuna sauti imerekodiwa mahali afu inamiminwa ndani ya kamashine hako. Hamna kitu kama hicho. Pachi haina sauti yoyote ndani yake, ni namba tu, tena chache mno, na kupakia maana yake ni kuiambia mashine ijipange upya kwa mpigo mmoja badala ya wewe kukaa unahangaika na mpangilio mmoja mmoja.

Namba za nini sasa? FM ni ile njia ya kutengeneza sauti aliyoigundua mtunzi wa muziki John Chowning pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967, wimbi moja linayumbisha jingine kwa kasi sana mpaka linazaliwa jambo jipya sikioni. Yamaha wakaichukua na mwaka 1983 wakatoa sinthi ya DX7, na mpaka leo baadhi ya sinthi ndogo za FM, volca fm ikiwemo, zinafuata mpangilio wa DX7: opereta 6, yaani vyanzo sita vya mawimbi, na algorithimu 32 za kuamua nani anamyumbisha nani. Kila opereta ina uwiano wake wa masafa, ina kiwango chake, ina muda wake wa kupanda na kushuka. Chukua opereta mbili tu, ya kwanza unaisikia na iko kwenye 1.00, ya pili inaiyumbisha na iko kwenye 3.50, unapata mlio wa chuma chuma kama kengele. Irudishe hiyo ya pili iwe 1.00, hujagusa kitu kingine, kengele imekufa na sauti imekuwa nene, iko karibu na tarumbeta. Namba moja tu hiyo imebadilika! Pachi nzima ya DX7 ina thamani 145 za namna hiyo pamoja na jina la herufi 10, basi.

Ndo maana faili lake ni dogo kiasi cha kuchekesha. Pachi moja ikibanwa inakaa kwenye baiti 128, benki, yaani fungu la pachi, ni pachi 32, zidisha unapata 4096, ongeza baiti 6 za utangulizi na 2 za mwisho unafika 4104. Hiyo namba 4104 ishike kichwani maana ndo kipimo cha haraka kuliko vyote, ukishusha faili la .syx lenye benki ya DX7 angalia ukubwa wake kwanza, likiwa pungufu au limezidi ujue kuna jambo, mengine yana 4096 kamili kwa sababu mtu aliyakata utangulizi na hayo sinthi haiyaelewi mpaka yarekebishwe.

Hizo baiti zinasafiri kwa MIDI, ile lugha ala za muziki na kompyuta zinazotumia kuwasiliana, kama ujumbe wa SysEx, yaani ujumbe maalum wa kampuni kwa mashine zake, na ndo huo faili la .syx linaloubeba. Unaanza na F0, inafuata 43 ambayo ndo kitambulisho cha Yamaha, zinakuja namba zenyewe, halafu hesabu ya kuhakiki, unafungwa na F7. Ichukulie kama fomu iliyojazwa majibu matupu bila maswali, mashine inajua jibu la kumi ni la swali la kumi kwa sababu ya mpangilio tu. Baiti moja ikipotea njiani kila kitu kinasogea hatua moja, ile hesabu ya mwisho haikubali na mashine inalikataa fungu zima. Na zinapotea kweli, hasa kwa zile waya za bei chee za USB kwenda MIDI ambazo hazina nafasi ya kutunza ujumbe mrefu, nota zinapita vizuri kabisa afu SysEx inakatika, mtu anaanza kuilaumu sinthi bure. MIDI yenyewe inabeba baiti 3125 kwa sekunde kwa hiyo benki nzima haimalizi hata sekunde 2, ikigoma jaribu kupunguza kasi ya kutuma kwenye programu yako.

Kabla ya kutuma mimi nashauri ufungue benki kwenye Dexed, ni programu ya bure, inafuata DX7 ile ile, unasikiliza kwanza ndo unatuma. Benki ikiingia kwenye mashine yenye nafasi 32 inafunika zote zilizokuwepo, na volca fm ya kwanza haina tundu la MIDI OUT, kwa hiyo usitegemee kuzirudisha kwenye kompyuta kwa njia hiyo ukishajuta.

Afu sio kila sinthi ya FM inapokea faili hizi. Reface DX ya Yamaha ina opereta 4 na algorithimu 12, pachi ya opereta 6 haina pa kukaa humo, hata kama jina DX lipo na kampuni ni ile ile.

Na hata pale inapokubali, usishangae pachi ile ile kusikika tofauti. DX7 inatoa nota 16 kwa pamoja, volca fm ya kwanza 3 tu, kwa hiyo piano ya umeme ukipiga kodi ya nota nne, yaani nota nne kwa mpigo mmoja, moja inamezwa. Kubwa zaidi ni nguvu ya kidole, pachi nyingi za zamani zilitengenezwa ukipiga kwa nguvu sauti ing'ae na ukipiga taratibu ipoe, sasa volca fm ya kwanza haijali nota ya MIDI imekuja na nguvu gani, inabidi uitume nguvu hiyo pembeni kwa CC namba 41, CC ikiwa ni ujumbe wa MIDI wa kubadilisha mpangilio mmoja wa mashine. Namba zimefika zote salama, ila pachi inasikika imelala tu, na watu wanarudia kupakia mara nne wakidhani faili ni bovu. volca fm2 ya 2022 imerekebisha hilo, na nota zimekuwa 6.