Je, wajua? Chembe za kinga huhesabika hata zikiwa zimekufa

Tone la damu likidondoshewa kwenye karatasi nzito na kuachwa likauke, chembe zilizokuwa hai ndani yake hupasuka. Ukiliweka doa hilo chini ya hadubini huna cha kuhesabu. Lakini maabara yenye vifaa vinavyofaa inaweza kulisoma na kusema kati ya chembe nyeupe zote zilizokuwamo, ni sehemu gani ilikuwa chembe T, ipi chembe B, ipi nyutrofili. Chembe iliyokwisha kufa inahesabiwaje?

Sisi wa Tabora tunaweza kuanzia kwenye mzinga. Malkia wa nyuki na nyuki kibarua hutoka kwenye mayai ya aina moja, yenye vinasaba vya aina moja. Kinachowatenganisha ni malezi: buu anayelishwa maziwa ya nyuki kwa wingi ndiye anayekuwa malkia. Mwaka 2008 watafiti wa Canberra, Australia, walizima kimeng'enya kinachobandika alama fulani kwenye DNA ya mabuu. Mengi kati ya mabuu hayo yakakua na ovari za malkia, ingawa yalilishwa sawasawa na wenzao waliotoka vibarua. Mimi hushangaa kila nikilikumbuka jaribio hilo.

Alama yenyewe inaitwa methili: kaboni moja na haidrojeni tatu, imekaa juu ya saitosini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Zikijazana mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza. Mwilini mwetu ni hivyohivyo. Chembe T na nyutrofili zako zina DNA inayokaribia kufanana kabisa, ila chembe T imeziondoa methili kwenye jeni za CD3, protini ya juu ya chembe T, inazozihitaji kazini, na nyutrofili imeziacha palepale. Alama hizo zimeshikamana na DNA kwa nguvu za kikemia, na DNA iliyokauka vizuri hudumu miaka. Chembe hufa, alama ya kazi yake ikabaki.

Mashine ya kawaida ya kupima CD4, yaani chembe T zinazoshambuliwa na VVU, haina subira hiyo. Inahitaji chembe nzima, kwa sababu inazitambua kwa vitu vilivyo juu ya ngozi yake, zinapopita moja moja mbele ya mwanga wa leza. Damu lazima iwe mbichi, kwa kawaida ya siku moja au mbili tu. Aliyetolewa damu Kaliua, zaidi ya kilomita 100 kutoka Hospitali ya Kitete mjini Tabora, anaelewa maana ya saa hizo, hasa masika.

Kwenye njia ya methili, DNA hutolewa kwenye damu na kulowekwa katika dawa iitwayo baisalfaiti. Dawa hii hugeuza saitosini isiyo na methili kuwa herufi nyingine, yurasili. Yenye methili haiguswi. Tofauti iliyokuwa haionekani sasa imekuwa tofauti ya maandishi, na mashine ya PCR, inayorudufu vipande vya DNA, inaweza kuhesabu nakala za kila aina. Zikipatikana nakala 100 za jeni ya CD3, na 25 kati yake hazina methili, basi takriban robo ya chembe zenye DNA zilikuwa chembe T. Chembe nyekundu hazivurugi hesabu, maana zilipokomaa zilitupa kiini na DNA yake.

Kuna mahali hesabu inataka uangalifu. Jeni ya FOXP3, inayotambulisha chembe T zinazotuliza kinga isishambulie mwili wenyewe, iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, na katika kila chembe X mojawapo imefungwa, kwa hiyo nakala moja ya FOXP3 hubaki na methili zake hata ndani ya chembe hizo. Mpimaji asipozidisha jibu la mwanamke mara mbili, atamwambia ana nusu tu ya alizonazo.

Njia nyingine ni ya kompyuta. Mwaka 2012 E. Andres Houseman na wenzake walionyesha kwamba ukisoma alama za sehemu nyingi za DNA kwa pamoja, unaweza kukokotoa uwiano wa aina za chembe zilizochanganyika. Ni kama mrina asali mzoefu anayeonja asali na kukisia ni maua ya miti gani yaliyoingia humo, ila yeye hutumia ulimi na kompyuta hutumia hesabu.

Uwiano, hata hivyo, si idadi. Ili kusema ni chembe ngapi kwa kila mikrolita, ni lazima ujue ulianza na damu kiasi gani, na upime pamoja nayo DNA ambayo kiasi chake unakijua. Wala alama hizi hazikuambii kama chembe zilizohesabiwa zilikuwa na nguvu.

Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani na wenzao waliijaribu njia hii kwenye madoa makavu ya damu ya watoto wachanga, wakitafuta wale waliozaliwa bila chembe T za kutosha. Karatasi za namna hiyo zinajulikana katika kliniki zetu za mama na mtoto: ndizo zinazodondoshewa damu ya kisigino cha mtoto anapopimwa VVU, zikaanikwa, zikatiwa kwenye bahasha na kusafirishwa bila barafu.